Shangazi Hakubeba Chakula cha Safari

Siku ya safari, shangazi yangu aliamka kabla ya wote na kuanza kupekua mizigo yetu. Hakuwa mdokozi. Alikuwa anatafuta chakula. Mama, ambaye hakukubali kwamba mtoto anaweza kutoka Nachingwea hadi Ruangwa tumbo tupu, alizoea kuchemsha mayai na kukaanga mihogo, kisha kuvificha katikati ya nguo. Shangazi alivipata kila mara. Alitoka navyo hadi kwa jirani, akawagawia watoto wa pale, akarudi mikono mitupu, uso umekauka.

"Huko tunakokwenda kuna watu," alisema. "Na watu wanakula."

Mama alinuna mpaka tukafika stendi. Sisi watoto tulinuna zaidi, maana mayai yalikuwa yetu.

Nyumbani tulikuwa watano: baba, aliyekuwa fundi wa matrekta, mama, mimi, mdogo wangu wa kike, na yeye, dada mkubwa wa baba, aliyehamia kwetu baada ya mumewe kufariki. Hakuwa na mtoto aliyebaki. Mimi nilipewa jina la baba yake, kwa hiyo aliniita Baba. Aliponikasirikia aliniita Baba vilevile, na kiboko kikiwa mkononi. Miaka ya tisini, kila likizo, tulisafiri naye: upande wa Ruangwa kwa baba mdogo, au Kilimarondo kwa mjomba, ndugu yake mama. Baba ndiye aliyekuwa na nauli, lakini kiongozi wa msafara alikuwa shangazi.

Yeye alibeba chumvi tu. Aliifunga kwenye kitambaa, akakitia kifuani, na kila nyumba tuliyofikia alikwenda moja kwa moja jikoni, akamjazia mwenyeji kiganja. Enzi zile vijiji vya ndani vingine vilikaa wiki nzima bila chumvi. Baada ya hapo alitoka, akakaa mkekani na kungoja alichopikiwa. Kikija ugali wa muhogo na kisamvu, alikula ugali wa muhogo na kisamvu. Kikija uji wa mtama usio na sukari, alikunywa na kuomba kuongezewa. Hakuwahi kuuliza kuna nini, na alitukataza tusichungulie chungu.

Nikisema alikuwa mpole nitamsingizia. Alikuwa na vidole virefu vya kufinya, na alifinya chini ya mkeka, mahali mwenyeji asipoona, huku usoni akitabasamu na kumsifia mtu bamia lake. Kilimarondo, mwaka ambao tembo walipita kwenye shamba la mjomba na kuacha mabua, tuliwekewa ugali wa makopa, mihogo iliyokaushwa, ule mweusi, na mlenda. Ulikuwa mchungu kidogo. Nilikunja uso. Shangazi alinifinya paja, nikameza bila kutafuna. Akamgeukia mke wa mjomba, akamwambia hajapata kula mlenda uliovutika vizuri namna ile tangu mvua za mwaka juzi.

Kesho yake tukaondoka. Tulipokuwa mbali kiasi cha kutosikika, akasimama njiani, akajishika kiuno.

"Mwanamke yule," alisema, "ule mlenda alivyoukoroga, sijui aliona haya kuweka bamia. Maji matupu. Na makopa yale yalilowa mvua, yakaoza, akayaanika tena. Nimekula nikamkumbuka marehemu mume wangu."

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mama, maana aliyekuwa anasemwa ni wifi yake, alitaka kukasirika, akashindwa. Shangazi alikuwa na desturi hiyo kila safari. Mbele ya mwenyeji sifa tupu. Tukishapita kona ya pili, anaanza kuhesabu makosa ya upishi, moja baada ya jingine, kwa raha zake. Nilimwuliza kama huo si unafiki. Akanitazama kana kwamba nimemwuliza jambo la kitoto sana.

"Yeye ametupa alichonacho. Nimpe maneno gani, Baba? Niache nimekula chake na nimemtukana?"

"Sasa hapa si unamtukana?"

"Hapa nawasimulia ndugu zangu."

Kuna kosa moja tu ambalo hakulisamehe mezani: mwenyeji kujimaliza kwa ajili yetu. Mwaka mmoja tulifika kwa baba mdogo mwezi ambao ghala zimebaki vumbi. Mama mdogo, mkewe, kwa aibu ya kutuwekea majani matupu, alipanda kwenye kigoda na kunyoosha mkono juu ya jiko, pale yaliponing'inizwa mahindi ya mbegu kwenye moshi ili wadudu wasiyaguse. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni akichambua kisamvu. Aliinuka upesi hata nikadhani nyoka ameingia.

"Shuka," akamwambia.

"Dada, wageni watakula nini?"

"Majani. Haya hapa nayachambua. Hiyo ni mbegu, umeiweka kwa ajili ya shamba, hukuiweka kwa ajili yangu. Shuka, mwanamke, usije ukanivunjikia mguu nikakupikia mimi."

Tulikula kisamvu kwa njugu mawe chache siku tatu mfululizo. Mimi na mdogo wangu tulijamba usiku kucha. Lakini mama mdogo alikuwa anaimba asubuhi, na hilo nililikumbuka muda mrefu bila kujua kwa nini.

Nisimfanye mtakatifu. Nyumbani Nachingwea alikuwa bahili wa ajabu. Sukari aliifungia kwenye kopo lenye kufuli, ufunguo akauvaa shingoni, na chai yake yeye mwenyewe ilikuwa tamu mpaka kijiko kinasimama. Alituhubiria kula cha mahali ulipo, lakini kipande cha nguru mkavu kikifika kutoka Lindi alikificha chini ya kitanda na kukila peke yake, na sisi tulijua kwa harufu. Alikuwa Muislamu wa swala tano. Hata hivyo msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho, ulimpa taabu ya dini. Juisi ya mabibo ikikamuliwa asubuhi ni juisi ya watoto. Ikiachwa, inageuka uraka, nayo inalevya. Yeye alishikilia kwamba mpaka adhuhuri bado ni juisi. Siku moja, kwa baba mdogo, alisogeza adhuhuri yake hadi alasiri, akacheka njia nzima ya kisimani na kumsalimia mbuzi wa watu kwa heshima zote. Baba alitukataza kulitaja jambo hilo, na ndiyo kwanza nalitaja leo.

Majirani wa baba mdogo walikuwa Wamakua waliotoka Msumbiji zamani, Wakristo, na wao walikula panya wa porini. Shangazi hakula. Lakini walipowachoma alikwenda kukaa nao, akasogeza kigoda karibu na moto, akavuta hewa kwa pua.

"Haramu kwangu, lakini harufu hainihusu," aliwaambia, nao wakacheka na kumpa viazi vilivyochomwa kwenye jivu lile lile.

Sasa niseme habari ya ming'oko, maana bila hiyo sijamsema mtu huyu. Ming'oko ni mizizi ya porini, ya huku kwetu kusini. Mmea wake ni kamba nyembamba inayojisokota kwenye vichaka. Chini yake unachimba vijizi vyembamba, unavichemsha kwa chumvi, unavimenya kwa meno. Mwaka wa njaa vimeokoa watu wengi. Mwaka wa shibe vinauzwa barabarani, watu wanakula wakipiga soga.

Safari moja lori tulilopanda liliharibika katikati ya pori, kabla hatujafika Ruangwa. Dereva akaingia uvunguni na hakutoka. Jua likapanda, watoto wakaanza kulia, na abiria wakaanza kumtazama mama kwa tamaa, wakidhani mfuko wake una kitu. Haukuwa na kitu, shangazi alishaupekua. Nikamwona anakata mti, anauchonga ncha kwa kisu cha utingo, anaingia vichakani. Akatuita. Kwa saa mbili abiria wa lori zima walikuwa wanachimba ming'oko kwa vijiti, na mwanamke mmoja aliyekuwa na sufuria ya kwenda kuuza akaitoa ikapikiwe.

Uchimbaji wake ulikuwa na sheria. Unafuata kamba mpaka ardhini, unafukua pembeni, unatoa vijizi vinene na kuacha vyembamba. Kichwa, pale kamba inapoota, hukigusi. Ukimaliza unarudisha udongo, unaushindilia kwa mguu, unaweka majani juu. Bwana mmoja mwenye viatu vya ngozi, nadhani alikuwa mtu wa ofisi, aling'oa shina zima na kuacha shimo wazi. Shangazi alikuwa anamenya mng'oko wake wa kwanza. Akauweka chini.

"Bwana, rudi ukafukie."

"Mama, hili pori la Mungu."

"La Mungu, ndiyo. Na mimi mwakani nitapita hapa nina njaa. Rudi ukafukie, na kile kichwa kirudishe."

Yule bwana alitazama watu, akaona hakuna wa kumtetea, akarudi. Alifukia kwa viatu vyake vile vya ngozi. Alipokuja, shangazi alimpa yeye kwanza, fungu kubwa kuliko la kwake, na wakaongea vizuri mpaka lori lilipowaka.

Hayo ndiyo niliyokulia. Ningependa niishie hapo.

Baba alifariki. Mama akahamia Masasi kwa ndugu zake, mdogo wangu akaolewa pale pale Nachingwea, mimi nikaenda Dar es Salaam nikajifunza ufundi wa majokofu, nikaoa, nikapata watoto wawili wa kiume. Shangazi alikataa kwenda kwa yeyote. Alirudi upande wa Ruangwa, kijiji kimoja mbele ya Nandagala, katika nyumba ya udongo karibu na barabara. Baba mdogo naye alikuwa ameshatangulia. Akawa anachimba ming'oko, anaichemsha, anakaa nayo barabarani kwenye beseni lililofunikwa jani la mgomba. Madereva walimjua. Walisimama, wakanunua, wakamtania kwamba watamuoa, akawatajia mahari isiyolipika. Watoto wa kijiji walishinda kwake. Nilikuwa nasikia habari hizo na kufurahi, na kufurahi ni bure.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwanangu wa pili aliugua homa ya matumbo. Alilazwa wiki nyingi. Alikonda hata nilipombeba niliogopa kumvunja. Sijawahi kuogopa hivyo, kabla wala baadaye. Alipopona, daktari akasema maji ya kuchemsha, chakula cha moto, msimpe vitu vya ovyo. Mwezi wa kumi na mbili, mvua hazijaanza, nikaazima gari ya rafiki tukaenda kusini, ili shangazi awaone wajukuu zake. Mke wangu alipika pilau na kuku, akatia kwenye hotpoti mbili. Tukabeba maji, mkate, ndizi, hata vikombe. Mimi ndiye niliyevipakia.

Miaka mingi niliwaambia watu kwamba chakula kile kilikuwa wazo la mke wangu. Si kweli. Yeye hakujua desturi za kwetu, aliniuliza, "Shangazi hatakasirika?" Nikamjibu kwamba shangazi ni mzee, ni mwezi wa njaa, tutamwonea huruma tu, tule chetu tusimpe kazi. Nilisema hivyo na niliamini. Nilikuwa nimekaa mjini muda wa kutosha kuamini kwamba huruma ni jambo ambalo kila mtu ataliona kwa sura niliyoipa mimi.

Tulipokaribia tuliegesha gari kando ya barabara, hatua chache kutoka nyumbani kwake, tukawalisha watoto ndani ya gari. Watu walipita wakatuona. Nilipunga mkono.

Shangazi alikuwa amejiandaa kwa siku mbili. Nilikuja kuyajua baadaye: alitembea mbali kutafuta ming'oko, kwa sababu ile ya karibu aliiacha ikue. Alichinjiwa kuku wake, jogoo aliyekuwa anamwamsha kwa swala. Mume wa jirani ndiye aliyemchinja. Kwa hiyo kijiji kizima kilijua kwamba bibi ana wageni wa damu yake, na majirani wanne watano walikuwa wamekuja kutusalimia, wamekaa barazani. Alitandika mkeka. Akaleta beseni la maji ya kunawa, akaweka chakula katikati.

"Karibuni, Baba. Nawa uwalishe wanao."

"Shangazi, tumekula njiani. Tumeshiba kabisa."

Akanitazama. Nadhani alingoja nicheke.

"Hata kuonja?"

"Labda baadaye."

Mwanangu yule aliyepona, mwenye njaa ya mtoto aliyetoka hospitali, alinyoosha mkono kuchukua mng'oko. Nikamdaka mkono. Nilimdaka hewani, mbele ya watu wote, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, akalia. Nilikuwa naona kitanda cha hospitali. Wale waliokaa barazani hawakukiona kitanda hicho. Waliona mtoto wa kaka yake bibi amekuja na chakula chake kutoka mbali, amekula garini, na sasa anamzuia mwanawe asiguse chakula cha bibi.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa maana yake. Mgeni anaweza kukataa kwa sababu ya ugonjwa, akasema ugonjwa. Anaweza kukataa kwa sababu amefunga, akasema amefunga. Anayekataa bila sababu, tena ndugu, tena amebeba chake, amesema kwamba mkono uliopika ule anauogopa. Na mpishi akiwa mwanamke mzee, mjane, aliyezika watoto wake, hilo halisemwi mara mbili, watu wanamaliza wenyewe kwamba ni mchawi. Nilikuwa nayajua haya yote. Nililelewa na mwanamke aliyepekua mizigo ili tusije tukafanya hivi hata kwa bahati mbaya. Na ningeweza kusema neno moja tu, "Mtoto anaumwa tumbo," nikamaliza. Sikusema. Niliona aibu kumwambia kwamba chakula chake si salama kwa mwanangu, nikamwambia jambo baya zaidi kwa vitendo.

Shangazi hakunifinya. Alifunika chakula. Jioni alitusindikiza hadi kwenye gari, akawashika watoto vichwa kwa mbali kidogo, kwa ncha za vidole. Tukaondoka, na mimi nikamwambia mke wangu, "Umeona? Hakukasirika."

Masika yale mtoto mchanga wa kijijini alifariki. Watoto wachanga hufariki, Mungu awarehemu, na sababu ziko nyingi. Lakini mdogo wangu alinipigia simu kutoka Nachingwea, na kwanza nilidhani mtandao ndio unakatika, kumbe yeye ndiye anayekatika kwa kilio.

"Kaka, shangazi anasemwa."

"Anasemwa nini?"

"Unajua. Wanasema hata watoto wa kaka yake walimjua, walikuja na hotpoti zao. Kaka, ulikwenda na hotpoti kwa shangazi?"

Watoto wa kijiji walikatazwa kushinda kwake. Ming'oko yake ikawa inalala. Alihamisha beseni hadi mbele zaidi, mahali madereva wageni wanaposimama, akawa anatembea mwendo mrefu kwenda na kurudi. Hata huko wakamfuata kwa maneno. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemfukuza. Waliacha tu kula chakula chake, na kwa mtu aliyeishi vile alivyoishi yeye, sijui wangemfanyia nini kikubwa kuliko hicho.

Nilipaswa kupanda basi siku ile ile. Nilituma mchele na sukari. Nilikuwa na majokofu ya watu, nilikuwa na ada za shule, nilikuwa na visingizio vya kutosha kujaza chumba. Ukweli ni kwamba nilimwogopa. Ilipita miaka miwili na zaidi ndipo nikaenda, na niliwachukua wote, mke na watoto, kwa basi, bila kubeba hata chupa ya maji. Nilikuwa na mpango. Tutafika mchana watu wakiona, tutakaa barazani, tutaomba chakula kwa sauti, tutakula mpaka tulambe vidole. Nilimwambia mke wangu tutayafuta yale. Wanangu niliwaambia mapema: mtakula kila mtakachopewa, na atakayekunja uso atanijua.

Tulimkuta kwenye kizingiti. Alikuwa amekwisha, mifupa na kanga. Jicho moja limefunga ukungu. Lakini alinitambua kwa hatua.

"Baba."

"Shangazi. Tumekuja tuna njaa. Tupikie." Nilisema kwa sauti ya juu, barabara yote isikie. "Hatujala tangu jana. Tunataka ugali wako na chochote ulichonacho."

Aliwatazama watoto, mmoja mmoja, kwa jicho lile lililobaki.

"Wamekua," alisema. "Yule aliyekuwa mgonjwa ni yupi?"

Nikashtuka. "Ulijua alikuwa mgonjwa?"

"Nilimwona shingo. Nilijua unaogopa, Baba. Mimi nilijua. Ila hukuwaambia wao."

Nikapiga magoti pale kwenye vumbi, mtu mzima, nikamshika miguu. Nikamwomba radhi. Alinisamehe, na alisema wazi kwamba amenisamehe tangu siku ile gari ilipoondoka. Nikamwambia basi apike, tule, watu waone. Akatikisa kichwa.

"Sipiki."

"Kwa nini, shangazi? Umesema umenisamehe."

"Wewe nimekusamehe. Lakini safari ya Dar ni ndefu. Mtoto huyu akishikwa na tumbo hapo Nachingwea tu, au Lindi, au mwezi ujao, itasemwa alikula kwangu. Sina nguvu ya kusemwa mara ya pili, mwanangu. Nimezeeka."

Nikasema nitapika mimi mwenyewe, kwenye jiko lake. Akasema jiko ni lake. Nikasema mke wangu ataleta unga wa dukani. Akasema sufuria ni yake. Mke wangu alikuwa analia kimya, amegeukia ukuta.

Shangazi akaingia ndani kwa kushika ukuta, akarudi na mfuko wa plastiki kauning'iniza kwa kidole kimoja. Ndani mlikuwa na pakiti ya biskuti na chupa mbili za maji, za dukani, hazijafunguliwa. Alikuwa ameambiwa na mdogo wangu kwamba tunakuja, akamtuma mtu Ruangwa mjini. Yeye ambaye hakuwahi kununua chakula cha safari hata cha kumtuliza mtoto.

Hakutupa mkononi. Aliuweka mfuko chini, katikati ya uwanja, akarudi nyuma hatua mbili. Mwanamke mmoja alikuwa anapita na ndoo kichwani. Nilimkumbuka, ni yule jirani ambaye mumewe alichinja jogoo. Shangazi akamwita.

"Mwanangu, hebu njoo. Tua ndoo uje uone."

Mwanamke akatua ndoo, akaja, hakutaka kututazama usoni.

"Itoe hiyo pakiti. Igeuze. Imefungwa?"

Jirani akaitoa, akaigeuza huku na huku. "Imefungwa, bibi."

"Na maji?"

"Nayo yamefungwa."

"Umeona kwa macho yako. Basi wape wewe, mkono kwa mkono. Mimi sijaigusa."

Jirani aliwapa wanangu biskuti. Walikuwa wameagizwa wale kila watakachopewa, wakakaa kwenye vumbi na kula. Mimi nililia kwa sauti, sikujali nani anapita. Yule aliyekuwa mgonjwa akainuka na biskuti moja, akampelekea, akasema, "Bibi, na wewe kula."

"Kula, mjukuu wangu," alimwambia, "kula mwenyewe." Na alikuwa ameingiza mikono yote miwili ndani ya kanga, ameibana mapajani, na hakuitoa mpaka watoto walipoimaliza pakiti.